Gari la Ngazi Limerudi

Jumatatu, 4 Agosti

Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi: kuanzia leo asubuhi baada ya chai, nafasi ya katikati kwenye rafu ya juu, iliyoachwa wazi na gari la ngazi, itakaimiwa na gari la maji. Hafla fupi imefanyika sebuleni. Mjusi mmoja kahudhuria. Hotuba hakuna.

Nimefuta vumbi. Agosti ya Tabora, unafuta mbele, nyuma linakaa.

Gari la maji haliijazi ile nafasi. Fupi. Huku pengo, huku pengo, kama mtu aliyeng'olewa jino akawekewa la mwenzie.

Nikaenda kibandani kutengeneza redio za watu.

Jumanne, 5 Agosti

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimeanza kuchanganya mambo.

Kaka Hamisi kafa mwezi uliopita. Kifua.

Vigari ni vyetu wawili. Vya chuma, siyo plastiki, milango inafunguka. Vimeigwa kutoka kile kipindi cha zamani cha zimamoto tulichokiangalia utotoni kwenye banda la video. Kipindi cha Kizungu, hakuna aliyeelewa neno. Mwenye banda alisimama mbele akatafsiri kwa kubuni. Kwa tafsiri yake, mkuu wa kikosi alikuwa amekimbiwa na mke, ndiyo maana alikuwa anaukimbilia moto kwa hasira kiasi kile. Tukaamini. Mimi mpaka leo naamini.

Tangu hapo, likifunguliwa robota la midoli ya mtumba sokoni, mmoja wetu yupo. Tukapata gari la maji, la pampu, la uokoaji, na lile dogo la mkuu aliyekimbiwa. La ngazi lilikuja mwisho. Kaka alilikuta chini ya rundo la wanasesere wasio na vichwa. Limechubuka rangi kwenye mlango wa dereva. Kwenye kipindi nako lilikuwa linafika mwisho, na likifika ndipo watu wanaokolewa.

Kaka alikuwa na amri moja tu: kundi lisitawanyike.

Sasa hilo la ngazi liko naye kaburini.

Alhamisi, 7 Agosti

Aliyelizika ni mtani. Mzee Madeje, Mgogo, muuza nyama choma karibu na stesheni. Zamani babu zetu Wanyamwezi walipita kwao na mizigo mabegani kwenda pwani, na babu zake wakawatoza hongo ndipo wanywe maji. Hasira ikaisha, utani ukabaki. Sisi tukifiwa, yeye anakuja kumtukana maiti wetu. Ndiyo heshima yenyewe.

Siku ya maziko alikaa ukingoni mwa kaburi, miguu ndani. Akasema hapiti mtu bila hongo. Watu wakacheka. Sheikh akaangalia miti. Kisha Madeje akatoa gari la ngazi kwenye koti. Kumbe alishaliiba rafuni wakati watu wanakula.

"We Hamisi, Mnyamwezi mbishi! Huko kuna moto. Nenda na usafiri wako."

Akainama. Mkono ukaingia shimoni, ukatoka mtupu.

Nikashika koleo, nikafukia. Sikucheka. Sikujibu. Ulimi ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Jumamosi, 9 Agosti

Kwenye vumbi la rafu ya juu kuna alama za matairi. Zimeanzia ukingoni, zimefika ubavuni mwa gari la maji, zikageuka. Za nyuma ni za matairi mawilimawili, kama ya gari la ngazi.

Panya, nikajiambia. Panya wa mtaa wetu wa Gongoni wana mambo yao, lakini matairi pacha hawajafika huko.

Nimefuta. Kibandani nimeunganisha waya usiohusika. Fundi redio akikosea waya, biashara imekufa.

Jumanne, 12 Agosti

Alama zimerudi. Palepale. Safari hii gari la maji limesukumwa pembeni. Kaka hakupenda likae katikati. Alisema lina kiburi.

Nimemuuliza shemeji Zena, mjane wake. Yumo edani, chumba cha ndani, hatoki. Mgeni wake mkubwa ni mke wa Madeje, anayemletea mlenda kila mchana nikiwa kazini. Niliongea nje ya pazia. Shemeji, wewe unapita kwenye magari?

"Shemeji, mimi nimefiwa na mume, sijafiwa na akili. Kwenye magari yenu nipite natafuta nini?"

Nikaomba radhi kwa pazia.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimerudi mchana kula. Liko rafuni.

Gari la ngazi. Katikati, mahali pake. Ngazi imeinuliwa. Mchubuko wa mlangoni uleule. Udongo mwekundu umejaa kwenye matairi, umeingia mpaka kwenye viti.

Nilikaa chini sakafuni. Sikuligusa. Chakula sijala, shemeji kauliza kama ugali una kosa.

Naogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya swala nilikwenda makaburini. Kaburi la kaka ni zima. Hapajachimbwa, hapajachokorwa hata na kuku. Ningekuta limefukuliwa ningefurahi. Mwizi ni mtu, unamshtaki.

Nikakaa naye kidogo. Nilitaka kumuuliza, nikaona aibu. Nimerudi viatu vyeupe kwa vumbi mpaka soksi.

Rafuni, halipo. Limeondoka tena. Alama zinaelekea mlangoni.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefikiri siku nzima. Redio za watu zimelala matumbo wazi.

Jibu ni moja. Kaka amechukua gari moja, na amri yake ni ileile: kundi lisitawanyike. Mimi ndiye niliyelitawanya, nimebaki na mengine. Anakuja kuyafuata. Nitayafukia yote pembeni yake.

Nimemwambia shemeji. Pazia likauliza: "Kwa watani umekwenda lakini?"

Nikamwambia watani hawahusiki, hili ni la maiti.

"Haya," akasema. Ile haya ya wanawake wa Tabora, inayofunga mlango na kukuachia ufunguo.

Sikuuchukua.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeyapakia kwenye katoni ya biskuti. Kila moja kwenye gazeti lake. La mkuu nililifungulia mlango kwanza, nikaufunga. Sijui kwa nini.

Miaka yote ya kuinama kwenye marobota, wauzaji wakituita wazee watoto. Nikishayafukia haya, ndani ya nyumba hii hakuna kitu tulichokishika pamoja mimi na yeye. Kuna kitanda chake, lakini hicho alikishika peke yake.

Sitaki kuyafukia. Nitayafukia.

Kesho baada ya alasiri.

Jumanne, 19 Agosti

Njia ya makaburini inapita kwa Madeje. Kaniona na katoni kichwani, jembe mkononi.

"We Mnyamwezi, unahamia kwa kaka yako?"

Nikamweleza yote. Alama, udongo, kundi. Hakucheka. Hapo ndipo niliogopa zaidi, maana Madeje hucheka hata akikatwa na kisu.

Kisha kisu akakiweka. Akacheka mpaka akashikilia nguzo ya banda, nyama zikaungua, wateja wakalalamika. Akaingiza mkono chini ya meza. Akatoa gari la ngazi.

Halikuzikwa. Lilirudi na mkono, limefichwa ndani ya mkono wa koti. Kitu alichochukua mtani msibani hukombolewa: unamfuata, unamtukana, unampa kuku, anarudisha. Kila mtu anajua. Mimi mwenyewe najua tangu nina meno ya utotoni. Amenisubiri siku hadi siku, sikutokea. Mkewe ndiye aliyekuwa analileta chini ya kanga pamoja na mlenda, analipitisha rafuni, anaondoka nalo. Mara moja wakaliacha hadi kesho yake, wakidhani nitalikamata nilipeleke kwao kwa matusi.

"Tulikuwa tunakukumbusha, mjinga wewe. Mfiwa akimsahau mtani wake, tunajua na yeye yuko njiani."

Mama Madeje alikuwa anageuza mishikaki. Hakucheka. Alisema tu, "Pole, baba."

Madeje akangoja, mikono kiunoni. Nikaanza na babu zake. Nikaenda kwenye maji yao ya chumvi ya kuuzia wasafiri. Nikautukana mlenda, na mlenda niliula juzi nikasifia. Nikatukana mpaka nikaona nalia, katikati ya moshi wa nyama, mbele za watu, katoni bado kichwani.

Madeje akanitua katoni. "Ee. Sasa umefika msibani."

Nyumbani nimemshtaki shemeji. Hana hata aibu.

"Uliuliza kama mimi napita. Hukuuliza nani mwingine anapita."

Ijumaa, 22 Agosti

Kuku amepelekwa. Jogoo, mzee, mshari. Madeje kamshika miguu, kamtazama, kasema huyu ni wa kusomewa hitma, siyo wa kuliwa. Kampokea lakini. Gari la ngazi nimerudi nalo mfukoni, nimelishika njia nzima.

Jumapili, 24 Agosti

Gari la ngazi liko katikati. La maji limerudishwa kwenye nafasi yake ya zamani bila hafla. Mjusi hakualikwa.

Nyumba imetulia. Shemeji anasikiliza redio kwa sauti ndogo. Nikirudi mchana naangalia rafu kabla sijavua viatu. Vumbi tu, limelala, halina alama yoyote.

Nilitaka awe yeye. Hilo sikumwambia Madeje.

Leo nimesafisha matairi kwa mswaki. Udongo umetoka wote. Ni ule mwekundu wa kichuguu, ambao Madeje amesilibia banda lake.

Makaburini kwetu ni mchanga mweupe. Nilishika koleo mwenyewe.