Koko Alikuwa Anacheka

Kasongo, tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa yaya wangu Sidonie, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, zenye harufu ya jiko la Koko, bibi yetu, pale uliponifundisha kusoma kwa kuandika ukutani na mkaa. Hujambo? Kifua chako kinasemaje na baridi ya Ubelgiji? Unakula vizuri? Sisi huku wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imeanza, watu wanapanda mpunga, na mgongo wa Koko unamuuma asubuhi tu. Jua likipanda anagombana na kuku wake kama kawaida.

Yaya, nimeolewa! Najua umesikia, lakini acha niandike kwa mkono wangu nione neno hilo linavyopendeza. Yves akirudi kutoka Wamaza na pikipiki yake, vumbi mpaka kwenye kope, mimi naona ameingia mfalme. Juzi aliniletea ndizi moja, moja tu, ameibeba kifuani njia nzima isipondeke. Nani kama mimi? Nina furaha mpaka naona haya, na haya hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike.

Siku ya arusi Koko aliweka sahani yako ya wali na sombe, majani ya muhogo unayoyapenda, akaifunika na kitambaa. Kila pikipiki iliyopita alichungulia. Aliuliza, "Mke mwenzangu iko wapi?" Unajua hajawahi kukuita jina lingine tangu marehemu babu akuite mke wake mdogo. Mpaka jioni sahani ilikuwa pale pale. Nami nilikuwa nacheza, Yaya. Nilikuwa nacheza na bwana wangu, sikufikiri.

Baada ya arusi Yves aliomba simu yangu atazame picha. Akaangukia ujumbe niliokuandikia mwezi wa sita. Akaniuliza polepole, "Mama, huyu Koko wenu iko mukali hivi? Anamufukuza mutoto wake?" Nikacheka. Nikamwambia, wee, huo ni utani! Akasema, "Utani uko wapi hapa? Mimi naona maneno tu."

Nikasoma tena kwa macho yake: "Koko anasema: mwambie abaki kule kule, huku tulishamlilia matanga." Na chini yake jibu lako: "Nimeelewa. Nitabaki." Jibu hilo nililisoma mwezi wa sita, nikadhani nawe unatania.

Sikubadilisha neno hata moja, Yaya. Ndivyo Koko alivyosema. Lakini alisema akiwa amejishika mbavu, akipiga makofi, machozi ya kicheko yakimtoka, kwa sababu nilimwambia unakuja na utamnyang'anya kiti chake. Mtandao ulikuwa mbovu, sauti hazipiti, Yves alikuwa ananingoja njiani, na kichwa changu kilikuwa kimejaa yeye. Nikaandika upesi upesi, nikakimbilia pikipiki.

Na mtu niliyemfanyia hivyo ni wewe! Wewe uliyenieleza kazi yako mpaka nikajivunia kwamba nilisoma biolojia. Ulisema kwenye ARN, ile Waingereza wanayoiita RNA, kuna alama ndogo za kikemia, kama ile methili inayopachikwa juu ya herufi A. Herufi inabaki A, ila seli inaisoma kwa namna nyingine. Ukanipa mfano: barabara ya kwenda Kabambare, na kazi iliyofanywa barabara. Kalamu inaandika sawasawa, mdomo ndio unaotofautisha.

Ukasema njia za zamani zilinakili ARN kuwa ADN, yaani DNA, kwanza, na nakala ilitoka na herufi zote lakini alama zimepotea. Wengine walivua vipande vyenye alama kwa kingamwili kabla ya kunakili, wakajua mtaa bila kujua nyumba. Nyinyi sasa mnapitisha uzi wenyewe wa ARN kwenye tundu dogo mno, na umeme unaopita humo unayumba pale penye alama. Mimi nilisikiliza yote hayo nikasema ndiyo, ndiyo. Kisha nikakutumia nakala.

Simu zangu hupokei, na ujumbe wangu haufiki. Sikulaumu. Lakini Koko hana tena miaka mingi ya kukungoja, na sitaki aondoke ukiamini alikufukuza.

Nimemwambia yote. Akasema, "Laetitia, wewe nilikutuma mudomo wangu, ukapeleka meno tu." Yaya, afadhali angenipiga.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi ndogo ya simu, ile ya kuhifadhi sauti. Kamaldine, rafiki wa Yves, anaipeleka Bukavu, na kutoka huko mtu wa parokia atakufikishia. Ina sauti mbili. Ulisema ili mashine isiwadanganye mnapitisha pia uzi usio na alama, mlinganishe. Basi sauti ya kwanza ni Koko akimfukuza kweli mbuzi wa jirani kwenye mpunga wake. Sikiliza jinsi anavyofukuza. Ya pili ni maneno yale yale niliyokuandikia, nimemwomba ayarudie kama siku ile.

Alianza kwa kicheko chake chote. Mwishoni, kwenye neno "matanga", kicheko kinakatika, na hapo utasikia kitu. Nimejaribu kukiandika hapa mara nyingi, nikafuta. Sikiliza mwenyewe, Yaya, halafu uamue kama unabaki.

Mama anakusalimu, na Élysée mdogo wetu, na mama Cécilia wa ng'ambo ya mto. Shemeji yako Yves anasema pikipiki yake itakungoja popote utakaposhukia. Mungu akufunike kama Koko alivyofunika sahani yako.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Laetitia