Mwethya Katika Chumba cha Kompyuta

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka hapa shuleni Machakos nikiwa mzima, ingawa nimechoka kula githeri kila siku. Goti lako linaendeleaje? Na huko Katangi kumenyesha, au bado mnaangalia mawingu tu?

Unakumbuka programu ya chama chetu cha kompyuta, ile ya kupangia mabweni zamu za kuteka maji tangini? Muhula uliopita kila mmoja wetu aliirekebisha apendavyo bila kuwaambia wenzake. Asubuhi moja ikayaita mabweni yote pamoja. Mwaitu, ndoo ziligongana! Mwalimu mkuu akasema ikikosea tena, chumba cha kompyuta kitafungwa wikendi na mabweni yatarudi kuitwa kwa filimbi kama zamani.

Basi mwalimu wetu wa kompyuta, Bi Mutheu, akaleta utaratibu mpya: badiliko lolote lisomwe na kujaribiwa na mwingine kabla halijaingia. Wenzangu walinuna. Ndinda, ambaye vidole vyake ni vyepesi kuliko vyetu sote, akaniambia, "Wee Mwende, unikague kama askari wa geti? Umeniona mwizi?"

Nikamweleza jinsi ninyi akina mama wa kikundi cha mwethya mnavyosaidiana kuchimba mitaro shambani kwa huyu leo, kesho kwa yule, na hakuna anayeona amevamiwa. Tena mwenyekiti wenu naye hushika jembe.

"Basi mwalimu aanze yeye," Ndinda akasema.

Tuliogopa, lakini Bi Mutheu, aliyekuwa ametusikia, alitukabidhi sehemu yake ya programu tuikague. Tukakuta amelipeleka bweni la wadogo tangini Jumapili wakati wa ibada! Alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, nimeshachimbiwa. Nani anafuata?" Tangu hapo kila mtu akawa tayari kutoa yake. Tulimwendea pia matroni, ambaye hatukuwahi kumuuliza lolote, akatuambia tangi huchelewa kujaa siku za kufua. Tukarekebisha kidogo kidogo, tukijaribu kila hatua.

Jumamosi mwalimu mkuu alisimama kando ya tangi, mikono nyuma. Bweni likaja, likateka, likaondoka, likaja jingine. Hakuna aliyesukumwa. Akasema chumba kitabaki wazi, kisha akauliza kama tunaweza kupanga foleni ya chakula pia. Nilikuwa karibu kusema ndiyo, Ndinda akanitangulia:

"Madam, wacha kwanza tuwaulize wapishi."

Mwaitu, nadhani kazi hii ya kuunda programu kwa kuulizana na kukaguana ndiyo ningependa kuifanya nikimaliza shule.

Msalimie susu, nyanya yangu, na kaka Muli apunguze kupigia mbuzi kelele. Wasalimie pia wenzako wote wa mwethya.

Ni mimi bintiyo anayekupenda,
Mwende