Sekunde Nane za Shikamoo

Masatu,

Miezi mitano imepita tangu tukuzike Buswahili. Naanza na habari, kama kawaida yangu: katuni yako imekamilika, na imeonyeshwa.

Najua ungenikatiza hapo. Ulinikatiza hivyohivyo siku ya kwanza uliponiletea storibodi, zile karatasi zako za visanduku, uani kwangu Bweri. Uliniomba niandike maneno, maana miaka yangu ishirini na sita ya utangazaji redioni ilikufanya uamini kwamba najua kusimulia. Hadithi ilikuwa fupi: binti anatoka kisimani, anakuta ndama amelala na povu mdomoni, anakwenda kumwambia bibi yake. Watu wa mradi wa mifugo wa Bunda walitaka wafugaji wajifunze kutoa taarifa mapema. Mimi nikamwingiza binti mlangoni na nikampa sentensi palepale: "Bibi, ndama anakufa."

Ukaisoma, ukaniangalia. "Kaka, huyu bibi hajasalimiwa."

Nikasema ndama yuko mahututi, salamu ya nini. Ukacheka. "Wewe unaandikaga kama mtu anayekimbia mvua. Hii siyo taarifa ya habari ya saa mbili. Kwetu hapa hata nyumba ikiungua, bibi anasalimiwa kwanza."

Halafu ukanieleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria kazini. Mtazamaji ameshamwona ndama. Bibi hajamwona. Kila sekunde binti anayoinama, mtazamaji anazidi kuumia. Mimi maisha yangu yote nimekuwa nikikata ukimya. Kumbe wewe ulikuwa unaupima.

Ukanibebesha ndoo. Nikaingia, nikaitua, nikapiga goti, nikasema shikamoo, wewe ukihesabu kwa simu. Sekunde tano. "Weka maji. Unadanganya na ndoo tupu." Kwa maji zikawa nane, na goti langu likalia. Jirani yangu, mama Neema, akachungulia juu ya ua: "Mwandishi, umeolewa lini?" Wewe hukucheka. Ulikuwa unaandika "8" chini ya kisanduku, ukaizungushia duara.

Ulipolazwa kwa ajili ya figo, visanduku vyote vilikuwa na namba zake. Nilidhani kilichobaki ni kuunganisha tu.

Baada ya mazishi dada anayesimamia mradi aliniita Bunda. Katuni ilikuwa imezidi muda tuliopangiwa kwa sekunde kumi. Akapendekeza tutoe salamu. "Watu wanajua kusalimiana, hatuwafundishi hilo." Hakuwa na ubaya, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Ukitoa salamu na kipande cha binti kuvuka kizingiti, kumi zinatimia.

Nikaitoa. Nakuambia kwa sababu hukuwepo kuniona. Nilikaa mbele ya kompyuta yao, nikaikata, nikaitazama. Binti yuko ndani tayari, anatangaza, bibi anasimama. Kila taarifa ilikuwamo, na sikusikia kitu chochote moyoni. Nikairudia mara tatu. Ilikuwa kazi yangu ile, si yako.

Nikarudisha salamu. Nikatafuta sekunde kumi mahali pengine, na zilikuwepo mahali pamoja tu: maneno yangu ya utangulizi, niliyoyasoma kwa sauti yangu, yale ya ng'ombe na asubuhi na ukungu. Yalikuwa mazuri. Yalichukua sekunde kumi na moja. Nikayafuta. Dada akauliza kama nina hakika, nikasema ninayo.

Tuliionyesha Buswahili, darasani, mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mashuka. Mama yako alikaa mbele. Hakuwa amewahi kuona kazi yako ikitembea. Ndama akaonekana na povu lake, watu wakanong'ona. Binti akaingia, akatua ndoo, akapiga goti. "Shikamoo bibi."

Mama yako akaitikia. "Marahaba, mwanangu." Kwa sauti ya kawaida, kama aliyesalimiwa nyumbani kwake. Wanawake wawili nyuma yake wakaitikia pia, wote kabla bibi wa kwenye katuni hajafungua mdomo. Ulikuwa umewaachia nafasi ya kufanya hivyo. Halafu mzee mmoja ukutani akasema, "Mwambie sasa, binti, mwambie." Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilikuwa linamsubiri.

Nimeandika mikutano na misiba mingi, na daftari huwa halinitoki mkononi. Siku hiyo sikuandika neno.

Mama yako amenipa karatasi za hadithi yako ya pili, ya ndugu wawili wa Butiama wanaogombea mpaka wa shamba. Visanduku kumi na tisa, hakuna hata kimoja chenye namba. Nitavipima vyote kwa mwili wangu, kimoja baada ya kingine, na sitaandika sentensi kwa kisanduku chochote kabla sijajua kinataka kukaa kimya muda gani. Itanichukua muda mrefu. Sitaharakisha.

Pumzika, bwana mdogo.

Kaka yako wa Bweri