Saa Sita ya Alhamisi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye ameniamuru niziandike zake mwanzo kabisa, kwa sababu ananijua: nikishaanza maneno yangu nasahau ya wenzangu. Hujambo huko? Wanangu wawili hawajambo? Yule mdogo bado anakohoa kila baridi ikiingia, au ameacha? Sisi huku ni wazima wa mwili. Sukari ya mama inapanda na kushuka, lakini mdomo wake haujaugua hata siku moja, ananigombeza tangu asubuhi. Mengine nitakueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika njiani. Ningeweza kukupigia simu, lakini ungenikatia, nami ningepata sababu ya kunyamaza tena.

Barua yako ilifika Jumanne. Umeandika kwamba karatasi za talaka unazo, kwamba mwisho wa mwezi utazitia saini, na kwamba nisithubutu kukuandikia neno la kumtetea shemeji. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Kwanza habari za mji, maana najua tangu uondoke hakuna aliyekuandikia. Hoteli yetu imefungwa. Lango limetiwa mnyororo, na aliyeutia ni meneja mwenyewe, yule tuliyemwita Bwana Itakuwaje. Alikuwa akihangaika na kufuli huku akiuliza itakuwaje, itakuwaje, mpaka mpishi mmoja akamjibu kwamba imeshakuwa. Bwawa la kuogelea limeota ukijani. Duka la vikapu na vinyago mkabala na lango sasa linauza mkaa. Yule mama wa mboga aliyekuwa akituletea nyanya kwa makreti, siku hizi anapanga mafungu matatu mbele ya nyumba yake, na jioni anayapika mwenyewe. Tulikuwa tukijisifu kwamba sisi ni mji wa wageni. Hatukujua kwamba mji wenyewe ni ule uwanja wa ndege, na kwamba ukifungwa huo tumefungwa sote.

Serikali siwezi kuilaumu kwa yote. Watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa huu, na unakumbuka fundi cherehani jirani yetu alivyozikwa na watu watano. Lakini masharti ya kuingia yalikuwa yanabadilika kabla wino haujakauka. Mara mgeni aje na cheti cha kipimo cha saa sabini na mbili, mara hizo zimekuwa nyingi, zinatakiwa arobaini na nane. Mara akae karantini wiki mbili, mara asikae. Kila likitoka tangazo, nusu ya wageni wanaahirisha, na hakuna aliyeahirisha akarudi. Ikatubakia kampuni moja tu ya nje iliyokuwa bado inatuamini, na hiyo ndiyo iliyotuletea wale watu thelathini na wanane.

Habari yao unaijua, ila unaijua kama ilivyosemwa sokoni. Walikuwa watue Alhamisi saa tatu asubuhi. Jumatatu yake wakasikia kuna sheria mpya, kwamba kila atokaye kwao atawekwa karantini siku kumi, wakatuuliza waje au waahirishe. Shemeji, kwa kuwa ndiye mkuu wa mapokezi, akawajibu kwa maandishi, jina lake chini, kwamba sheria inaanza Alhamisi saa sita mchana, kwa hiyo waje tu, watakuwa wameshaingia. Wakaja. Kumbe sheria ilikuwa imeanza saa kumi na mbili alfajiri. Walipakiwa kwenye mabasi palepale uwanjani, wakapelekwa mabweni ya chuo, watu wazima waliokuja kupumzika wakalala siku kumi vitanda vya juu na chini. Shemeji alikwenda getini kila siku na mikate na sabuni, na kila siku askari akamrudisha nayo. Kampuni ikafuta msimu mzima.

Basi mji ukapata wa kumlaumu, maana ugonjwa haushikiki na serikali iko mbali. Wakambandika jina la Saa Sita. Wewe ukaitwa sokoni mke wa Saa Sita, watoto wakazomewa shuleni, na siku ile ukamwambia mbele ya mama na mbele yangu kwamba huwezi kuishi na mwanamume asiyejua kusoma saa. Ukamtaka ajitetee. Akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa kwenye beseni la vyombo, dada, nikaendelea kuosha.

Shemeji hakulisoma lile tangazo. Nililisoma mimi.

Jumatatu ile alikuwa amekwenda ofisi ya afya kufuatilia cheti cha hoteli. Tangazo likaingia kwenye kompyuta yangu, kurasa mbili, wa kwanza Kiswahili, wa pili lugha ya wageni. Akapiga simu kuniuliza linaanza saa ngapi. Unajua kazi yetu pale ilivyokuwa: sisi kwa sisi tunatumia saa zetu, mgeni tunamgeuzia saa zake. Ukurasa wa kwanza uliandikwa saa 6:00 tu, nami nikaona Kiswahili, nikasoma Kiswahili. Nikamwambia saa sita. Akauliza, mchana au usiku? Nikacheka, nikamwambia mchana, shemeji, tangu lini serikali ikaamka usiku kuanza kazi. Naye akacheka. Wale wa serikalini walikuwa wametafsiri maneno yote vizuri, saa wakaiacha kama walivyoikuta. Ukurasa wa pili ulisema wazi kwamba ni asubuhi. Sikuufungua. Lilikuwa tangazo la kumi na moja, nimechoka, na nilitaka mno wale watu waje. Nilisoma saa niliyoitaka.

Bwana Itakuwaje alipotuita ofisini nilikuwa nimeshafumbua mdomo. Shemeji akanitangulia, akasema amekosea yeye. Tulipotoka nikamuuliza kwa nini. Akasema lazima mmoja wetu atoke, na nikitoka mimi, mama mkwe wake atanunuliwa dawa na nani? Akaniapisha nisikwambie, akasema akujuavyo ungenirarua mbele ya mama. Nikaapa. Nilidhani ni mambo ya wiki mbili, utapoa, nitakueleza. Kisha ukaondoka na watoto, na kila siku niliyonyamaza iliifanya ya pili yake kuwa ngumu zaidi. Wiki tano baadaye hoteli ikafungwa na mimi nikaachishwa kazi pamoja na wote. Kwa hiyo alilipoteza jina lake, na nyumba yake, kwa ajili ya kazi iliyonikaa wiki tano.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda kwenye chumba alichopanga baada yako kuondoka, kumwambia kwamba kiapo nakivunja. Nilikikuta kitupu. Mwenye nyumba akasema aliondoka Jumapili kwa lori la saruji, hakuaga. Ameacha nguo zako mbili na madaftari ya watoto, amevikunja na kuvipanga juu ya godoro, na funguo juu yake. Simu yake haipatikani. Fundi bomba anasema alimsikia akiulizia kazi mpakani, kule wanakopimwa madereva wa malori, lakini hana hakika, na mimi sina wa kumuuliza mwingine.

Sikuombi msamaha, sina uso wa kuuomba. Wala sikwambii umrudie, wewe ndiye uliyeishi naye na kasoro zake unazijua kuliko mimi. Sijui hata kama barua hii itakuwahi. Ila ikikuwahi, na bado ukataka kuzitia saini karatasi hizo, basi muache kwa makosa yake, dada. Usimuache kwa langu.

Mama anawasalimu tena. Bado sijamwambia, nitamwambia nikishafunga bahasha. Ameniuliza mbona naandika huku nalia, nikamjibu ni vitunguu, na humu ndani hatuna kitunguu hata kimoja. Wabusu wanangu kwa niaba yangu, kama utaona nastahili.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba