Chanuo Kwenye Kikombe Changu

Chiriku wangu,

Wali uko jikoni, upashe moto tu. Baba akirudi mkumbushe bomba la bafuni bado linavuja. ~~Chanuo langu usiliguse tena.~~

Asubuhi nilikupokonya chanuo utadhani umeshika kisu, ukaenda shule bila hata kunywa chai. Haikuwa hasira, mwanangu. Ulilichomoa kwenye kikombe changu cha machanuo, ukachana nywele zako huku unanitazama, na moyo ukanipiga paa.

Mimi nasuka watu kutwa. Mteja akiona magamba yamenidondokea begani kutoka chini ya kilemba, namwambia bila kupepesa macho kwamba ugonjwa huu wa ngozi ya kichwa hauambukizi, daktari kashasema. Mteja huamini. Wewe uliamini tangu mdogo. Kumbe ambaye bado hajaamini ni mimi.

Dawa yangu ya kupaka iko dirishani. Jioni nipake kisogoni, mkono wangu haufiki vizuri, na baba yako anapaka kama anapiga plasta ukuta.

Machanuo yetu nimeyaweka kikombe kimoja. Kesho chukua lolote.

Mama