Gia ya Meno 127

Alhamisi jioni. Wingu limetanda juu ya mtaa wetu wa Gerezani tangu asubuhi na mvua haishuki. Sijala mchana, na ninaandika mikono ikiwa na grisi.

Wanaosoma blogu hii wanajua ninavyoipenda 127. Ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Chukua mbili, ipandishe kwa kipeo cha 127, toa moja. Unapata namba ya tarakimu thelathini na tisa, nayo pia ni tasa. Mimi jambo hilo hunifurahisha kuliko mpira.

Kazini kwangu 127 ni gia. Mashine yetu ya kuchonga vyuma inapima kwa milimita, na jeki za malori ya zamani zilikatwa kwa inchi. Kuhama kutoka kipimo kimoja kwenda kingine kunahitaji gia ya meno 127. Kwa kuwa haigawanyiki, hakuna gia ndogo utakazounganisha zikaifikia sawasawa.

Yetu ilivunjika meno mwezi jana.

Jumatatu Mzee Salumu, fundi malori wa Msimbazi, alileta jeki yake. Skrubu ilikuwa imepinda, akataka nyingine, nati ibaki ileile. Nilimpa shikamoo, akaitika, akasema, "Mwanangu, naitaka leoleo. Gari nimeliacha juu ya mawe." Nikafunga gia ya meno 63 na kuipanga ifanye kazi maradufu. Yaani 126. Kwa boliti fupi wengi hapa hufanya hivyo na haidhuru.

Lakini nati ya jeki ni ndefu kama kiganja, na kosa huongezeka kila uzi wa skrubu. Skrubu yangu ilipaswa kukwama. Haikukwama kwa sababu nati ilikuwa imechakaa. Niliona inaingia kilaini, nikajua mzigo wote utaegemea uzi mmoja wa mwisho, na siku ukikatika lori litamshukia aliyelala chini yake. Nilijua, nikamwambia, "Iko poa, mzee."

Leo nimeshindwa kuvumilia, nikaenda kuiomba jeki niirekebishe. Mzee alicheka. "Irekebishwe nini, mbona inapiga kazi? Nimemwazima jirani, naye keshamwazima mwenzake. Jeki nzuri hailali kwa mwenyewe, si unajua."

Sikumwambia kwa nini ninaitaka. Niliona haya.

Nimezunguka gereji za Msimbazi nikichungulia chini ya malori. Nimeona miguu tu, na mmoja alikuwa anaimba.

Kuna sifa nyingine ya 127 niliyowahi kuisifia humu. Ikishikana na gia yoyote ndogo kuliko yenyewe, kila jino lake hukutana na kila jino la mwenzake, kwa zamu, bila kuruka hata moja. Nilisema ni uzuri wake. Leo nawafikiria mafundi wa Msimbazi wanavyopokezana jeki yangu.

Naweka simu mfukoni. Narudi kule sasa hivi, nisimame katikati ya gereji niseme ni mimi, kwa sauti, kabla hawajafunga.

Sasa hivi ni zamu ya nani?