Nilimsingizia Tajiri wa Timu

Bi. Hortensia mpendwa, nakuomba unisaidie, maana hapa mjini kwetu Hidalgo hakuna ninayeweza kumwambia haya. Nilikuwa mshambuliaji wa timu hii hii miaka kumi na minne, wakaniita Kinyozi kwa jinsi nilivyowanyoa mabeki, na enzi hizo kila aliyepata mtoto alitaka nimsimamie ubatizo, nami sikumkatalia mtu, ndiyo maana leo nikiwa kocha, kipa wangu, Evaristo, ni mtoto wangu wa ubatizo, na baba yake, Abundio mwoka pai, ni zaidi ya ndugu. Sasa tangu avunjike kidole Evaristo anaogopa krosi, tumefungwa mabao matatu kwa hilo, nikamweka benchi, lakini aliponiuliza kosa lake nikashikwa na haya nikamwambia, “Si mimi, mwanangu, ni tajiri ameagiza,” naye Abundio akayatangaza dukani kwake, na Jumapili uwanja mzima ukamzomea tajiri ukaimba jina langu, hata nilipokuwa nafunga mabao sikuimbwa vile, nami, Mungu anisamehe, nikawapungia mkono. Jana Evaristo kasema anaacha mpira, Jumamosi anakwenda Monterrey kutafuta kazi kiwandani, kwa kuwa tajiri akishakuchukia huna lako. Nikisema kweli nitampoteza Abundio na mashabiki wote, nikinyamaza kijana anaondoka. Nifanyeje?

Kinyozi

Kinyozi,

Nilikuona ukicheza na nilikupenda kama wengine, kwa hiyo nivumilie. Nilipofika pale ulipowapungia mkono niliiweka barua chini, nikaenda kuchemsha kahawa, kwa sababu ningekuandikia maneno ambayo gazeti hili halichapishi.

Ubatizo ulishindwa kuukataa, na ukweli umeshindwa kuusema. Wewe unaita haya, mimi naita kupenda kupendwa. Ulipokuwa mchezaji hakuna aliyeumia kwa hilo. Tajiri naye atapona, kazoea kutukanwa. Ninayemwonea uchungu ni Evaristo, kwa sababu woga wa krosi unaondoka kwa mazoezi, lakini chuki ya tajiri ataifanyia mazoezi gani? Umemwacha afungashe nguo kwa kosa asilolijua.

Nenda leo, nyumbani kwao, baba yake akiwepo, na usibebe zawadi. Mwambie, “Niliyekutoa ni mimi, mwanangu. Unaogopa krosi. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa uwanjani nakusubiri, nikupigie mpaka uzizoee.” Kisha nyamaza, usijitetee. Abundio akikufukuza, toka taratibu, na kesho uwe uwanjani hivyo hivyo. Kijana akiamua bado kwenda Monterrey, ataondoka akijua sababu. Ukitoka hapo kamwombe tajiri radhi, na kabla ya Jumapili waeleze waandishi wa habari kwa kinywa chako.

Jumapili watakuzomea, tena sana. Usijifiche chumba cha kuvalia. Simama pale pale kwenye mstari, panga timu yako. Kucheza uliacha zamani, Kinyozi, lakini ukocha utauanza siku hiyo.